Shajara ya mradi: foleni ya Slurm kwenye wingu kwa watafiti wa malaria

Kwa nini mradi huu

Kundi letu hapa Dar es Salaam linachunguza vinasaba vya Plasmodium falciparum, kimelea kinacholeta malaria kali. Jenomu yake ni ndogo: herufi milioni 23 hivi kwenye kromosomu 14, na ramani yake ilichapishwa mwaka 2002. Udogo huo haupunguzi kazi. Damu ya mgonjwa mmoja ikishapita kwenye mashine ya kusoma DNA hutoa mamilioni ya vipande vifupi, na kila kipande sharti kitafutiwe mahali pake kwenye jenomu. Takriban asilimia 80 ya herufi za kimelea hiki ni A na T tu, hivyo vipande vingi vinashabihiana na kompyuta inahangaika kuvitofautisha. Sahani moja ya maabara ina visima 96, maana yake sampuli 96 kwa mkupuo.

Mpaka sasa tumekuwa tukigombania seva moja. Kwenye kundi la WhatsApp ujumbe unaorudi kila jioni ni "Nani yuko kwenye seva?", na anayeweza kukesha ndiye anayeshinda. Mwenye mtoto mchanga nyumbani, au anayekaa Chanika na lazima awahi daladala, kazi yake inasukumwa mpaka kesho, kesho nayo inasukumwa. Hilo ndilo lililonisukuma kuuombea mradi huu nafasi, kuliko hata suala la kasi. Nataka foleni inayojua nani katumia kiasi gani, isiyoangalia nani ana sauti, na inayoendelea na kazi watu wakiwa wamelala.

Fedha zinatoka kwenye ruzuku ya utafiti, na ruzuku ina tarehe ya mwisho. Kununua klasta yetu wenyewe, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja, na kuiwekea kiyoyozi na jenereta, hakumo kwenye bajeti. Tutakodi mashine za wingu, yaani kompyuta za mtoa huduma tunazozifikia kwa intaneti. Sharti nililojiwekea ni moja: mashine iwepo kazi ikiwepo, na izimwe kazi ikiisha.

Kuchagua mratibu wa kazi

Tunatafuta programu itakayopokea kazi za watu wengi, izipange, itafute mashine yenye nafasi, iendeshe kazi hapo, kisha iandike nani katumia nini. Nilitaka iwe huria, ili ruzuku ikiisha leseni isitufungie mlango. Nomad niliiweka kando mapema: HashiCorp walibadilisha leseni yake Agosti 2023, na hiyo mpya ya BSL haihesabiwi kuwa huria. HTCondor ya Chuo Kikuu cha Wisconsin ipo tangu miaka ya 1980 na inafaa sana kwa kazi nyingi ndogondogo zisizotegemeana. Kubernetes ni hodari kwa huduma zinazotakiwa kuwa hewani saa zote, ila kazi zetu zina mwanzo na mwisho, na habari za foleni na mgawo inabidi uziongezee juu yake mwenyewe.

Tukabaki na Slurm. Ilizaliwa kwenye Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore huko California, toleo la kwanza likatoka 2002, leseni yake ni GPL. Ndiyo inayoendesha foleni za kompyuta kubwa za utafiti kama Frontier kule Oak Ridge, Marekani, na LUMI kule Finland, na karibu na nyumbani ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo pale Nairobi, wanaitumia kwenye klasta yao. Kilichonishawishi zaidi si ukubwa wa mashine hizo. Mwanafunzi wetu akiizoea `sbatch`, amri ya kutuma kazi kwenye foleni, hapa, akipata nafasi ya uzamivu kokote kule ataikuta inamsubiri, na hataanza upya.

Jumatatu: mashine zikae wapi

Watoa huduma wakubwa watatu wana vituo Afrika Kusini: Microsoft tangu 2019, Amazon wapo Cape Town tangu 2020, na Google walifungua Johannesburg mwaka 2024. Tumechagua mmojawapo. Ulaya bei ingekuwa nafuu kidogo, lakini data zetu zimetoka kwenye damu za watu wa huku, na kamati ya maadili ilitaka zisivuke nje ya Afrika.

Kuna jambo la nyaya. Kutoka Dar kwenda kusini tunategemea nyaya za baharini, Seacom iliyofika 2009 na EASSy ya 2010. Mei 2024 zote mbili zilikatika kwa mpigo na intaneti ikadorora nchi nzima. Hali hiyo ikijirudia, sitaki kazi iliyokwisha kutumia saa 10 ife kwa sababu laptopu ya mtu Kinondoni imepoteza mtandao. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya klasta imeandikwa leo, kabla hata ya mashine ya kwanza kuwashwa: kazi zote zipitie `sbatch`. Ukishaituma, kazi ni ya nodi kuu, yaani mashine inayosimamia foleni, na wewe unaweza kuzima kompyuta yako ukaenda kulala. Anayetaka kukaa anaangalia kazi ikitembea, aruhusiwe, lakini si kwa kazi ndefu.

Jumanne na Jumatano: nodi kuu

Nodi kuu ni mashine ndogo inayowaka muda wote. Ubuntu 24.04, kifurushi cha `slurm-wlm`. Ndani yake kuna `slurmctld`, ambayo ndiyo akili yenyewe, na `slurmdbd` inayoandika matumizi kwenye kanzidata ya MariaDB. Kwenye kila nodi ya kazi, yaani mashine inayofanya hesabu zenyewe, kutakuwa na `slurmd`. Hizo tatu huongea kwenye milango 6817, 6819 na 6818. Nimefungua mawasiliano yote kati ya nodi ndani ya mtandao wetu wa ndani, na kwa nje kumeachwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, peke yake, tena kwa ufunguo, bila nywila.

Kabla ya kuamini chochote, Slurm inataka MUNGE. Hii ni programu inayothibitisha kwamba ujumbe umetoka kwa nani, na nodi zote lazima ziwe na ufunguo uleule. Jaribio lake ni mstari mmoja (`mbu1` ni jina la nodi ya kazi):

`munge -n | ssh mbu1 unmunge`

Ukiona `STATUS: Success (0)`, endelea. Usipoiona, usiguse kitu kingine chochote, maana matatizo yote utakayoyaona mbele yatakuwa na mzizi hapo. Cheti cha MUNGE kinaishi dakika 5, kwa hiyo saa za mashine zikipishana zaidi ya hapo nodi zinakataana ingawa ufunguo ni uleule. Nimeweka `chrony` kwenye kila mashine kulinda hilo.

Ufunguo wenyewe sikuuacha ndani ya imeji ya nodi, yaani nakala ya diski ambayo kila nodi mpya huzaliwa nayo. Imeji ikinakiliwa kwenda akaunti nyingine, ufunguo unakwenda nayo, na mwenye ufunguo huo anaweza kujitambulisha kama mtumiaji yeyote wa klasta. Nodi inauchukua kwenye hifadhi ya siri ya mtoa huduma pale inapowaka.

Namba za watumiaji, yaani UID, zinafanana kila mahali. Ukiwa 1005 kwenye nodi kuu na 1007 kwenye nodi ya kazi, mafaili yako yanakuwa ya mtu mwingine. Hili linaonekana dogo mpaka siku matokeo ya mtu yanapoonekana yana jina la mwenzake.

Diski ya `StateSaveLocation` nimeitenga na diski ya mfumo. Foleni nzima inaishi humo: nani katuma nini, kazi ipi iko wapi. Mashine inaweza kufa ukaijenga upya, lakini folda hiyo ikipotea na foleni imekwenda.

Alhamisi: nodi zinazozaliwa na kuzimwa

Hapa ndipo wingu linapotofautiana na klasta ya chumbani. Kwenye klasta ya kawaida nodi ipo, unaitaja kwenye faili la mipangilio, `slurm.conf`, na basi. Sisi tunazitaja nodi ambazo bado hazijazaliwa:

```
NodeName=mbu[1-20] CPUs=8 CoresPerSocket=4 ThreadsPerCore=2 RealMemory=15000 State=CLOUD
PartitionName=kawaida Nodes=mbu[1-20] Default=YES DefaultTime=02:00:00 MaxTime=2-00:00:00 State=UP
ResumeProgram=/opt/slurm/washa.sh
SuspendProgram=/opt/slurm/zima.sh
SuspendTime=600
ResumeTimeout=600
SuspendTimeout=120
```

Maana yake: kazi ikiingia na hakuna nodi, Slurm inaita `washa.sh` na kuipa majina, mfano `mbu[1-4]`. Skripti inayapanua majina hayo kwa `scontrol show hostnames`, inamwomba mtoa huduma mashine nne, kisha inaiambia Slurm anwani ya kila moja. Nodi ikikaa dakika 10 bila kazi, `zima.sh` inaitwa na mashine inafutwa.

`ResumeTimeout` isiachwe kwenye thamani yake ya kawaida, ambayo ni sekunde 60. Mashine ya wingu inahitaji kupewa nafasi, kuwaka, kuchukua ufunguo, kuunganisha diski ya NFS inayotumiwa na nodi zote kwa pamoja, ndipo `slurmd` ijitambulishe. Dakika moja haitoshi. Ikipita, Slurm inaitia nodi alama ya `down` na kuirudisha kazi foleni, huku mashine yenyewe dakika mbili baadaye ikiwa imeamka salama na haina wa kumhudumia, na bili inasoma. Sekunde 600 zinampa kila mmoja nafasi ya kupumua.

Jioni nimetuma kazi ya kwanza, `hostname` tupu, amri ya kutaja jina la mashine, nikakaa na `sinfo`, amri inayoonyesha hali ya nodi, mbele yangu. Mstari ulisoma `idle~`. Hiyo alama ya wimbi inasema nodi imelala. Kazi ilipoingia ikageuka `alloc#`, inaamka. Ikakaa hapo kwa muda. Halafu alama ya reli ikatoweka, likabaki neno `alloc`, na faili la matokeo likatokea kwenye folda yangu likiwa na neno moja: mbu1. Baada ya muda wa kukaa bure kupita ikaja `idle%`, kisha wimbi likarudi. Kwenye ukurasa wa mtoa huduma mashine haipo tena. Nimefurahi sana leo.

Ijumaa: RAM inayotangazwa na RAM iliyopo

Nodi tulizokodi zimetangazwa kuwa na GB 16. Ukiiandikia Slurm `RealMemory=16384`, nodi ikiwaka inakataliwa na sababu inaandikwa `Low RealMemory`. Sehemu ya RAM inashikwa na mfumo wa chini na keneli ya Linux kabla wewe hujaanza kuhesabu. Namba ya kuaminiwa ni ile nodi yenyewe inayoitoa ukiendesha `slurmd -C` ndani yake, kisha uishushe kidogo. Ndiyo maana hapo juu imeandikwa 15000.

La pili kuhusu RAM lina uzito zaidi, kwa sababu linagusa pesa moja kwa moja. Tunatumia `select/cons_tres` pamoja na `CR_Core_Memory`, ili kazi mbili au tatu ziweze kukaa kwenye nodi moja. Lakini mtumiaji asiposema anataka RAM kiasi gani, Slurm inampa ya nodi nzima. Ukiangalia unaona kazi inayotumia kiini kimoja cha prosesa imeishika nodi yote, ya pili inaamshiwa nodi yake, ya tatu nayo yake. Klasta inaonekana ina shughuli nyingi kweli, na viini vingi vimekaa bure vinalipiwa. Dawa ni `DefMemPerCPU`. Nimeiweka 1800. Anayehitaji zaidi aandike `--mem`, na hapo anakuwa ameshafikiria kazi yake inakula kiasi gani, jambo ambalo peke yake lina faida.

Pia nimewasha `ConstrainRAMSpace` kwenye `cgroup.conf`. Kazi ikivuka RAM iliyoomba inakatishwa yenyewe, na jirani yake kwenye nodi ileile haguswi.

Wiki iliyofuata: zamu ya nani

Hii ndiyo sehemu niliyoisubiri. Slurm hukokotoa kipaumbele cha kila kazi kwa vigezo kadhaa, na nimekipa uzito mkubwa kigezo cha mgao wa haki, `PriorityWeightFairshare`. Kila mtumiaji ana fungu sawa. Aliyetumia sana siku za karibuni anarudi nyuma kidogo, ambaye hajatumia anasogea mbele. Kumbukumbu hiyo hufifia: kwa mpangilio wa kawaida matumizi ya leo yatahesabiwa nusu baada ya siku 7. Hakuna anayeadhibiwa milele kwa sababu mwezi uliopita alikuwa anamalizia tasnifu.

Watu wanahitaji kuielewa, vinginevyo wataiona kama ubaguzi. Mwanafunzi mmoja wa uzamili kanijia siku ya kwanza.

"Shikamoo kaka. Kazi yangu imekwama, imeandikwa Priority."

"Marahaba. Haijakwama, dada. Kuna ambaye hajagusa klasta wiki nzima, ametangulia. Andika `sshare -a`, utaona."

Ameangalia, akaona jina lake na la wenzake na namba zao pembeni. Ameniuliza zamu yake itafika lini, nikamwonyesha `squeue --start`, ambayo hutoa makadirio. Akaondoka. Namba zikiwa wazi kwa kila mtu, ugomvi unakosa pa kushika.

Halafu kuna suala la muda. Tumewaomba wote waandike `--time` kwa ukweli, na wengi wanaona ni usumbufu. Faida yake ni hii: Slurm ina utaratibu wa kuziba mapengo, `sched/backfill`. Kama pale kwenye mashine ya kusaga, mwenye debe moja hupitishwa wakati mwenye magunia bado anayashusha kwenye mkokoteni, ilimradi asimcheleweshe. Kazi ya dakika 20 inaweza kupenya wakati kazi kubwa inasubiri nodi zake zikamilike. Lakini kama hiyo ya dakika 20 haikuandika muda, Slurm inaichukulia kuwa ya saa 2, na pengo la nusu saa linapita bila mtu.

Pesa

Mhasibu wetu aliuliza swali moja tu, na lilikuwa swali sahihi: nini kinazuia hii isimalize ruzuku usiku mmoja? Idadi ya nodi ni kizuizi cha kwanza. Haziwezi kuzidi 20. Cha pili ni `GrpTRESMins`, dakika za prosesa ambazo kundi zima linaruhusiwa kutumia. Pamoja nayo tumeweka `AccountingStorageEnforce=limits,qos,safe`. Hilo neno `safe` lina kazi kubwa: kazi haianzi kabisa kama fungu lililobaki halitoshi kuifikisha mwisho. Bila hilo, kazi inaweza kukatwa katikati fungu likiisha, na saa zote ilizotumia ni hasara.

Kuna jambo hapa linalohitaji jicho. Matumizi yanayofifia kwa ajili ya haki, ile nusu ya kila siku 7, hufifia pia kwenye kikomo cha fedha. Slurm inaanza kusahau ulichotumia, na kikomo kinajifungua taratibu. Kwa haki ya foleni ni sawa. Kwa ruzuku si sawa hata kidogo, maana mtoa huduma hasahau. Njia iliyopo ni kukiweka kikomo kwenye QOS, yaani seti ya masharti ambayo kazi hufungwa nayo, yenye alama ya `NoDecay`. Hapo haki inafifia upande wake na hesabu ya fedha inabaki kamili upande wake. Nimeyaandika haya kwa kirefu kwa sababu kwenye maelezo ya Slurm ni mstari mmoja tu, rahisi kuupita.

Kizuizi cha tatu ni skripti ndogo nje ya Slurm. Ikitokea `zima.sh` ikashindwa, tuseme mtoa huduma hakujibu wakati ule, Slurm itaamini nodi imezimwa huku mashine ikiendelea kuwaka. Mashine yatima kama hiyo haionekani kwenye `sinfo`. Kila robo saa skripti inalinganisha orodha ya mtoa huduma na orodha ya Slurm. Ikikuta mashine isiyo na mwenyewe, inatuma ujumbe kwenye simu yangu na ya msimamizi mwenzangu. Haizimi yenyewe. Uamuzi wa kufuta mashine nimependa ubaki kwa mtu.

Mashine za bei ya chee

Watoa huduma wote watatu huuza nafasi zilizobaki kwa bei ya chini sana, kwa sharti kwamba wanaweza kuzichukua wakati wowote. Amazon wanatoa onyo la dakika 2. Google na Microsoft wanatoa sekunde 30. Nimeunda patisheni (fungu la nodi lenye foleni yake) ya pili, `chee`, kwa mashine za aina hiyo. Nodi ikichukuliwa, Slurm inairudisha kazi kwenye foleni na kuianza upya.

Kuianza upya ni salama pale tu kazi yenyewe imeandikwa ivumilie. Kupanga vipande vya sampuli moja kwenye jenomu kunavumilika: kazi ni fupi, na matokeo yanaandikwa kwanza kwenye diski ya ndani ya nodi, kisha yanahamishwa kwenye NFS yakiwa kamili. Kuunganisha sampuli zote pamoja ili kutafuta tofauti za vinasaba kunachukua muda mrefu, hiyo ibaki `kawaida`. Sijaifanya `chee` kuwa chaguo la kwanza kwa wote, na sidhani kama nitafanya hivyo. Mwanafunzi mgeni anapaswa kuanzia mahali ambapo kazi yake haifi bila yeye kujua sababu.

Sahani ya kwanza

Sampuli 96 zimeingia kama kazi moja ya safu, yaani skripti moja inayorudiwa kwa kila sampuli:

```
#SBATCH --array=1-96%16
#SBATCH --cpus-per-task=4
#SBATCH --mem=7000
#SBATCH --time=04:00:00
```

Alama ya `%16` inasema zisizidi 16 kwa wakati mmoja, na kwa vipimo hivyo kila nodi inabeba mbili. Nodi nane zikaamka. Kila kazi inasoma namba yake kutoka `SLURM_ARRAY_TASK_ID`, inachukua mstari wa namba hiyo kwenye orodha ya sampuli, inaendesha `bwa mem`, inayotafutia vipande mahali pake kwenye jenomu, kisha `samtools sort`, inayovipanga kwa mfuatano.

Sampuli nyingi zilipita. Chache zikaishia `OUT_OF_MEMORY`, na zilikuwa zile zenye mafaili makubwa kuliko wenzake. `sacct`, amri ya kusoma kumbukumbu za kazi, ikaonyesha zimegota kwenye kikomo cha RAM zikakatwa. Chanzo kipo kwenye `samtools sort`: kiwango unachotaja kwa `-m` ni cha kila uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, idadi yake hutajwa kwa `-@`), si cha programu nzima. Skripti iliandikwa `-m 2G -@ 4`, hiyo ni GB 8 kwa kazi iliyoomba 7. Sampuli ndogo hazikufika huko, ndiyo maana zilipita. Kwenye ile seva yetu ya zamani jambo hili lingeiangusha mashine nzima na kazi za watu wote waliokuwemo. Safari hii majirani waliokuwa nodi moja na kazi zilizokatwa wamemaliza bila kujua kilichotokea, na waliokwama tuliwarudia peke yao kwa kutaja namba zao kwenye `--array`.

Asubuhi matokeo yote yalikuwa kwenye NFS na `sinfo` inaonyesha mawimbi matupu. Kila nodi imezimwa. Dada aliyekuwa na sahani hiyo alikuwa amelala nyumbani usiku kucha.

Kurudisha matokeo Dar ni hesabu nyingine, kwa sababu kuingiza data kwenye wingu hakulipiwi lakini kuzitoa kunalipiwa. Mafaili ya BAM, yenye vipande vilivyokwisha kupangwa, yamegeuzwa kuwa ya mtindo wa CRAM, ambayo ni madogo zaidi, na kinachoshushwa ni orodha ya tofauti za vinasaba tu. CRAM zinabaki kule kwenye hifadhi ya bei nafuu.

Yaliyobaki

Nakala rudufu ya kanzidata ya matumizi inachukuliwa kila usiku, ila bado sijajaribu kuirejesha kwenye mashine tupu. Hilo ni la wiki hii. Maelezo ya Kiswahili kwa watumiaji wapya yameanza, kurasa chache, pamoja na mifano ya skripti inayonakilika moja kwa moja.

Toleo jipya la Slurm likitufikia, utaratibu ni `slurmdbd` kwanza, kisha `slurmctld`, kisha `slurmd`, wala nodi isitangulie mbele ya nodi kuu. Kwetu `slurmd` iko ndani ya imeji, kwa hiyo kupandisha toleo kwenye nodi ni kutengeneza imeji mpya na kuziacha za zamani zizimike zenyewe kazi zao zikiisha.

Mwenzetu wa Mwanza ameomba akaunti mbili. Nimemfungulia chini ya fungu lake mwenyewe, ili matumizi yake yasile mgao wa wanafunzi wa hapa.

Sahani ya pili inaingia Jumatatu. Skripti ya kupanga imeshabadilishwa kuwa `-m 1G`, na kikomo cha mkupuo nimekipandisha kutoka `%16` hadi `%24`.